Huduma saba, seva nne: kabla ya Consul, angalia nani ameshikilia IP ya zamani

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una huduma saba zinazoitana zenyewe kwa zenyewe, ziko kwenye seva nne hapo Dar, anwani za IP zimeandikwa ndani ya mafaili ya usanidi, na kila mkihamisha huduma moja kwenda seva nyingine lazima kitu kikatike mpaka mtu aamke usiku akahariri. Wadau hapo juu wamekupa Consul (rejista inayojua kila huduma iko wapi na kama ni hai), wengine Kubernetes (mfumo wa kuendesha huduma kwenye kundi la seva), na mmoja kakutupa moja kwa moja kwenye Istio (tabaka linalosimamia mawasiliano kati ya huduma). Hivyo viwili vya mwanzo nimevitumia kwenye mifumo ya malipo, kwa hiyo naomba nikupunguze mwendo kidogo.

Kujua huduma iko wapi si kazi. Kazi ni kumfuta aliyekufa kwenye orodha, halafu kuhakikisha wanaomwita wamepata taarifa. Zana itakufutia. Lakini kama anayeita ameshikilia IP ya jana kwenye kashe yake (kumbukumbu ya muda), rejista, yaani orodha hiyo, inaweza kuwa sahihi kabisa na wateja bado wakapata hitilafu.

Kwa hiyo anza huko. Kama mbele ya huduma zako kuna Nginx (seva inayopokea maombi na kuyapitisha kwa huduma) na umeandika jina kwenye proxy_pass, mstari unaosema maombi yaende wapi, ujue jina hilo linatafutwa mara moja tu, inapowaka au unapopakia usanidi upya. Baada ya hapo DNS (inayogeuza jina kuwa IP) ibadilike isibadilike, yenyewe inaendelea kugonga mlango ule ule. Dawa ya siku nyingi ni kutaja resolver (seva ya DNS ya kuulizwa) na kuliweka jina ndani ya kigeugeu. Kuanzia toleo la 1.27.3 hata Nginx ya bure inakubali neno resolve ndani ya upstream, yaani orodha ya seva za nyuma yake. Java nayo ina kashe yake ya majina: kwa kawaida sekunde 30, ila kwenye mifumo ya zamani yenye security manager jina likishapatikana halitafutwi tena mpaka uzime programu. Angalia mpangilio wa networkaddress.cache.ttl. Halafu kuna miunganisho ya kudumu, ambayo watu wengi hawaifikirii. Muunganisho ukishafunguka hauulizi DNS chochote. HikariCP (maktaba ya Java inayotunza miunganisho ya hifadhidata) huuacha muunganisho uishi hadi dakika 30 usipogusa maxLifetime, na gRPC (njia ya huduma kuitana) inaweza kukaa na muunganisho mmoja siku nzima, nakala mpya za huduma ulizoongeza zikae bure huku ya zamani ikihema.

Ukishayamaliza hayo, kwa ukubwa wako huenda DNS ya ndani tu ikatosha: programu ya DNS kama dnsmasq au hata BIND, majina yenye TTL fupi (muda wa jibu kukaa kwenye kashe), na hati ndogo inayobadilisha rekodi mnapohamisha huduma. Haina mbwembwe, lakini kijana wa zamu anaielewa hata saa nane usiku.

Ukitaka rekodi zijibadilishe zenyewe huduma inapokufa, hapo ndipo Consul inapostahili nafasi yake. Unaweka wakala (programu ya Consul) kila seva, na seva tatu kati ya hizo nne zinabeba rejista yenyewe. Tatu, si mbili wala nne: maamuzi hupita kwa akidi, yaani zaidi ya nusu, kwa hiyo tatu zinavumilia kupoteza moja, na nne pia zinavumilia moja tu. Baada ya hapo jina kama malipo.service.consul linajibiwa kupitia poti 8600, na dnsmasq unaielekeza kwa mstari mmoja: server=/consul/127.0.0.1#8600. Programu zako hazibadiliki hata kidogo zaidi ya jina zinaloita. Waambie watu wa mtandao wafungue 8301 kwa TCP na UDP pia, maana UDP ndiyo husahaulika, na mawakala hutumia njia hiyo kupeana umbea wa nani yuko hai. Kuhusu leseni waliyobadilisha Agosti 2023, kwa matumizi ya ndani ya kampuni yako haikugusi.

Sasa ukaguzi wa afya. Hapa tafadhali soma polepole.

Kuna sehemu niliwahi kuitwa kusaidia, mfumo wa malipo, ambapo kila huduma ilikuwa na anwani ya /health iliyouliza swali kwenye hifadhidata kabla ya kujibu. Kwenye karatasi ni wazo zuri: kama hifadhidata haifikiki, huduma ina faida gani? Mwisho wa mwezi mishahara ikaingia, hifadhidata ikawa nzito, majibu yakapita muda uliowekwa. Nakala zote zikatiwa alama ya critical (haifanyi kazi) kwa mpigo, na DNS ya Consul haitoi nakala yenye alama hiyo. Huduma iliyokuwa inajibu taratibu ikatoweka kabisa, jina likarudi tupu. Kisha mzigo ulipopungua zikarudi zote pamoja, wateja wakazivamia, zikaanguka tena. Tulichofanya ni kuuacha ukaguzi uulize jambo moja tu: wewe mwenyewe upo na unaweza kupokea ombi? Habari za hifadhidata zikapelekwa kwenye ufuatiliaji, kwa mtu wa zamu.

Waliotengeneza zana nyingine waliliona hili. Eureka, rejista ya huduma ya Netflix, huacha kufuta nakala kama ripoti za uhai zinapungua chini ya asilimia 85 ya zinazotarajiwa, kwa hoja kwamba huenda tatizo ni mtandao, si wote wamekufa. Envoy nayo, proksi inayogawa maombi, nakala zenye afya zikishuka chini ya asilimia 50, hupuuza vipimo na kugawa maombi kwa wote. Kwa DNS ya Consul kinga hiyo huipati, utaijenga mwenyewe kwa kupima kwa busara.

Kubernetes inakupa haya yote ndani kwa ndani, CoreDNS (DNS yake ya ndani) ikiwemo, lakini usiihamie kwa sababu ya majina tu. Ukifika huko utakutana na mpangilio wa ndots:5, unaofanya jina la nje kama api.example.com lijaribiwe kwanza na viambishi vya klasta kabla ya kuulizwa lenyewe; nukta mwishoni mwa jina inamaliza hilo. Pia podi (kifurushi kinachoendesha nakala ya huduma) inapozimwa, kuondolewa kwake kwenye orodha kunaenda sambamba na kuzimwa, si kabla, kwa hiyo weka preStop (hatua ya kusubiri kabla ya kuzima) ya sekunde chache la sivyo kila mkipandisha toleo jipya utaona makosa. Istio kwa huduma saba? Hapana.

Jambo moja la kwetu: rejista na DNS ya ndani viwe karibu na huduma. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika tuliona wenyewe intaneti ilivyokuwa nchini. Huduma mbili zilizo raki moja Dar hazina sababu ya kuuliza Ulaya ili zijuane.

Tuwekee hapa lugha ulizoandikia hizo huduma na jinsi Nginx yako ilivyosanidiwa, ficha IP na majina ya wateja. Nahisi nusu ya shida iko kwenye proxy_pass.