Hiyo sufuria ya bluu ni redio kweli

Mkuu, hilo dude la bluu la duara ulilolikuta darini kwa babu huko Tukuyu, nadhani ni Saucepan Special, yaani redio ya “sufuria”, ya kampuni ya betri ya Ever Ready, iliyotengenezewa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949. Mpaka wa Tunduma si mbali, babu zetu walivuka sana. Ndani haina transista, ina vali, vile virija vidogo vya kioo vya kukuza mawimbi vilivyotumika kabla ya transista. Usije ukaichomeka TANESCO!

Redio za vali za betri hutaka umeme wa aina mbili: volti 1.5 za kuwasha nyuzi za vali, na kwa kawaida 90 za kuendesha mtambo. Betri moja kubwa ya tochi inatosha kwa nyuzi. Zile 90 unapata kwa kupachika betri kumi za volti 9 mfululizo (chanya kwa hasi). Ukikosea ukapeleka 90 kwenye nyuzi, vali zote zinaungua kwa mpigo, na sokoni Mwanjelwa hupati nyingine.

Kwanza kabisa badilisha kapasita (vifaa vidogo vya kutunza chaji) za karatasi zilizopakwa nta, uanze na ile inayoingia vali ya mwisho. Rangi iliyochubuka iache hivyohivyo. Antena ni waya mrefu tu, funga hata kwenye mparachichi.