Likizo ya Juni: kambi ya teknolojia inalipa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Binti yangu yuko fom two, ameshupalia kwenda kambi ya kompyuta na sayansi likizo hii, baba yake anasema ni kutupa hela, bora tuisheni. Nifanyeje? – Mama mzazi, Igoma

JIBU: Pole mama, baba hajakosea sana, kambi zingine ni tisheti, cheti na picha za kupostiwa tu. Kabla hujalipa uliza kompyuta moja wanakaa watoto wangapi, maana wakiwa sita sita atakayeshika mausi ni yule mkorofi na wengine wanachungulia, halafu uliza siku ya mwisho mtoto atakuwa ametengeneza nini kwa mkono wake. Wakikujibu "watajifunza teknolojia" basi achana nao. Kambi ya maana itampa kitu cha hapa hapa, mfano kuunga kisensa kwenye Arduino (kibao kidogo cha umeme unachokipangia kazi kwa kompyuta) apime joto la maji ya ziwa, au afungue zile taa za sola za wavuvi wa dagaa aone betri inachajiwaje, hapo hata fizikia ya darasani inaanza kumwingia (tuisheni haimpi hiyo).

Na kama hela haipo kabisa, Scratch, programu ya kufundishia watoto kutengeneza michezo na katuni kwenye kompyuta, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani, ni bure tangu 2007, unaidaunilodi mara moja inafanya kazi bila bando, mtafutie tu laptopu ya kuazima. Ila kambi ya kulala huko huko usikubali kabla hujajua matroni ni nani.