Taya limefungwa waya, nikitapika je?

SWALI: Daktari, nilivunjika taya la chini, sasa meno yamefungwa waya. Nikitapika usiku itakuwaje? Na mbona mdomo wa chini umekufa ganzi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kichefuchefu kikianza, keti, inama mbele, matapishi yatoke kupitia mashavuni na mianya ya meno. Usilale chali kamwe! Koleo ya kukatia waya isikae mbali nawe. Mimi humsimamisha mgonjwa na anayemuuguza mbele ya kioo, nikawagusisha kila waya wa wima unaounganisha meno ya juu na ya chini: ndizo za kukata ukishindwa kupumua. Kwa kawaida waya hukaa wiki 4 hadi 6.

Ganzi? Mshipa wa fahamu wa mdomo hupita ndani ya taya. Kama ulivutwa tu bila kukatika, hisia hurudi polepole, pengine kwa miezi.