Dhahabu mbili za ngumi Olimpiki moja, ilikuwaje?

Swali: Kocha shikamoo. Tumebishana kijiweni, mwenzetu mmoja anasema kuna bondia alibeba dhahabu mbili, uzito mbili tofauti, Olimpiki ileile moja. Mi nikamwambia muongo, maana huku kwenye ridhaa ukishapimwa unapigana uzito mmoja tu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mnunulie soda mwenzako. Huyo ni Oliver Kirk, Mmarekani, Olimpiki ya St. Louis kule Marekani mwaka 1904, na ndo mara ya kwanza ngumi zinachezwa kwenye Olimpiki za kisasa, akachukua uzito wa bantam na ule wa unyoya, unaofuata juu yake.

Iliwezekanaje? Mizani. Wakati ule walichoangalia ni usizidishe, basi. Bantam mwisho pauni 115, yaani kilo 52 na kidogo, unyoya mwisho pauni 125, kama kilo 56.7 hivi, sasa mtu wa kilo 52 hajazidisha kote kote, kanuni za mwaka ule zikamruhusu aandikishe jina mara mbili. Siku hizi uzito una kiwango cha juu na cha chini, na mashindano moja unaingia uzito mmoja tu.

Ila usimbebe sana, maana dhahabu zote mbili alipigana mara mbili tu! Bantam walijitokeza wawili, yeye na George Finnegan, kwahiyo pambano la kwanza ndo hilohilo fainali, na Finnegan mwenyewe ndo bingwa wa uzito wa inzi kapanda juu kujaribu. Unyoya walikuwa watatu, Frank Haller akamtoa Fred Gilmore, Kirk akapita kwa bai, yaani bila kupigana, halafu akampiga Haller. Harry Spanjer naye alibeba dhahabu ya lightweight akaongeza fedha ya welta, uzito wa juu yake. Yani walikuwa wanazungukana haohao, mabondia wote 18 ni Wamarekani.

Mi bado namheshimu jamaa. Kumwachia mpinzani akuzidi kilo nne na nusu kwa heavyweight si kitu, hata haisikii, lakini mwili wa kilo 52 hapo mwenzio anakuegemea raundi nzima, mikono inakufa, na ngumi yako aliyokuwa anaiogopa mtu wa bantam huyu anaila anasogea mbele tu. Na kwa kanuni za sasa hiyo rekodi hakuna wa kuigusa.