Kuvuka Tanga–Wete: mbona tunaangukia kaskazini?

SWALI: Shikamoo nahodha. Niko Sahare, Tanga. Nina mashua ya futi 22, tanga moja na mashine ndogo ya akiba. Julai tulivuka kwenda Wete, Pemba, nikaishika dira mashariki mwanzo mwisho. Nchi kavu ilipotokea, tukajikuta tunaitazama Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Je, dira yangu ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Dira yako ni nzima, ni maji ndiyo yaliyokuchukua. Mlango wa Pemba, yaani bahari kati ya Tanga na Pemba, unapitiwa na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, hupungua nguvu. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, upepo na maji husukuma upande mmoja, na zipo siku mkondo unafika noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa) au zaidi.

Tupige hesabu kwa noti 2 tu. Kutoka Tanga hadi pwani ya magharibi ya Pemba ni maili za baharini 30 na ushei. Kwa mwendo wa noti 5 utakuwa njiani zaidi ya saa sita, na ndani ya muda huo mkondo umekupeleka maili 12 kaskazini. Wete iko karibu mashariki kamili ya Tanga, na Ras Kigomasha iko maili 11 hivi kaskazini ya Wete. Mkondo ungeongezeka kidogo, mngeikosa ncha ya kisiwa na kuingia bahari kuu. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa hiyo anza kufidia tangu unapotoka Tanga, usingoje kisiwa kionekane. Kwa mwendo wa noti 5 na mkondo wa noti 2, elekeza omo, yaani mbele ya mashua, nyuzi 24 kusini ya Wete: mashariki ni 90, basi dira isome 114. Mwendo halisi utashuka hadi noti 4 na nusu hivi, basi beba mafuta ya kutosha safari nzima pamoja na akiba.

Shida ni kwamba kusi likigeukia kusini mashariki, kama lifanyavyo alasiri, ukishika 114 unakuwa unalikabili, na tanga la mashua halitakubali. Toka alfajiri, au tumia mashine. Kwa tanga peke yake, mimi ningengoja kaskazi, Desemba hadi Februari: upepo unakuja ubavuni kwa mbele kidogo na mkondo ni mnyonge. Ila kaskazi likivuma kwa nguvu dhidi ya mkondo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, na kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, maana kina cha katikati ni mamia ya mita na mashine ikizima nanga haigusi chini.

Njiani, kila nusu saa linganisha dira na simu yenye GPS. Dira inaonyesha omo linakotazama, simu inaonyesha mnakokwenda kweli. Simu ikisoma chini ya 90 mnapelekwa kaskazini, ongeza kusini hapo hapo. Mkishaipita Wete, kurudi nyuma dhidi ya mkondo na kusi kwa mashine ndogo huenda kusiwezekane.