Kambi ya likizo kwa mtoto wa miaka 10

Ndugu mzazi, umeuliza kama kambi ya likizo inamfaa mtoto wa miaka 10. Naamini inamfaa sana, hasa katika likizo ndefu ya Desemba na Januari, ambapo watoto wengi wa Kampala hushinda ndani mbele ya runinga. Binti yangu aliporudi kutoka kambi ya skauti ya Kaazi, kando ya Ziwa Viktoria, alikuwa amejifunza kuwasha kuni zilizolowa kwa kuchonga kwanza vijiti vyembamba, kutundika chandarua chake mwenyewe na, jambo lililonigusa zaidi, kuzungumza Kiswahili na mwenzake wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, bila kuona haya. Kabla ya kulipa, uliza ni nani anayelala karibu na watoto usiku na ni nani anayewasimamia wakiwa majini.