Mabibi zangu walisuka lesi, na sensa inawataja

Msomaji mmoja, dada wa Kitanzania aliyeolewa Uingereza, ameniuliza: watoto wanataka kujua ukoo wa baba yao, aanzie wapi? Dada yangu, ngoja nikusimulie yangu.

Baba yangu ni mtu wa Tanga, mama ni Mwingereza wa kaunti ya Bedfordshire. Majina ya mababu wa upande wa baba niliyajua kabla sijajua kusoma. Nilipouliza ya upande wa mama, mjomba alinijibu kwamba wanaume walikuwa vibarua wa mashambani na wanawake walikaa nyumbani. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Nikashika cheti cha kuzaliwa cha bibi, nikarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Vyeti vya serikali huko vilianza Julai 1837, na cha kuzaliwa kinataja jina la mama kabla ya kuolewa. Hilo ndilo la kushikilia. Cheti cha ndoa hakikusaidii sana kwa mabibi, maana kiliandika baba na kazi yake, mama akaachwa nje mpaka Mei 2021. Hebu fikiria!

Kisha nikafungua sensa ya 1851, ya kwanza kuandika kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya na alizaliwa parokia gani. Mume: kibarua wa shamba. Chini yake mke: msukaji lesi. Binti mkubwa: msukaji lesi. Mdogo wake, miaka saba: msukaji lesi. Hata mama mkwe mjane. Nililia palepale. Nyumba nzima ya wanawake mikononi mwao kuna kazi, na ukoo umeshasahau.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata. Walisukia juu ya mto mgumu uliojazwa mabua, muundo umetobolewa kwenye ngozi, nyuzi zimeshikwa na pini, na kila uzi umefungwa kwenye kijiti cha mti au mfupa chenye shanga za kioo mkiani. Vijiti vingine vilichongwa majina ya wapenzi na ya marehemu. Watoto wa miaka mitano au sita walipelekwa shule za lesi, wakaimba nyimbo za kuhesabu pini. Usiku mshumaa mmoja uliwatosha wanawake kadhaa, mwanga ukipita kwenye chupa ya maji ili uangukie kazi. Mwishoni mwa Novemba walisherehekea Mtakatifu Katerina, msimamizi wa wasukaji lesi.

Mashine ya kusuka lesi ya mvumbuzi Mwingereza John Heathcoat, aliyoisajili 1808 na kuiboresha 1809, ilianza kuwavunjia bei. Hawakuacha. Kufuatia Maonyesho Makuu ya London ya 1851 walishika mtindo wa Malta, ulio mnene na unaokwenda haraka. Lesi za Thomas Lester, mfanyabiashara wa Bedford, zipo makumbusho ya The Higgins mjini humo. Nenda ukazione. Mimi nilisimama mbele ya lesi hizo nikiwa na fahari ambayo siwezi kuificha.

Kwa hiyo nawaambia wote mnaotafuta: msiishie mstari wa kwanza wa kaya! Shukeni mpaka kwa mtoto wa mwisho na mjane wa pembeni. Safu ya kazi ikiwa tupu, msiseme mwanamke huyo hakufanya kazi. Makarani wengi hawakuona haja ya kuandika kazi ya mke wa mtu. Tazameni sensa ya kabla na ya baada. Na waulizeni wazee wa kike wakiwa hai, si wajomba peke yao. Mnaona aibu ya nini kuwauliza?

Wewe dada, anza na cheti cha kuzaliwa cha mama mkwe wako, kisha uniandikie jina la kijiji. Kikiwa kaskazini mwa Bedfordshire au upande wa mji wa Olney katika kaunti jirani ya Buckinghamshire, tafuta lesi. Kikiwa kusini, huenda walisuka ukili wa mabua ya ngano kwa ajili ya kofia za mji wa Luton, na sensa itakuwa imewaandika hivyo.